Msaada: mashine yangu ya gololi za kioo inatoa vifungo vya shati, na zinazosalimika zinapasuka usiku

Msokota Waya

Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada kwa yeyote mwenye uzoefu na kioo cha moto maana nimefika mahali nimekwama kabisa. Mwezi wa tano sasa naunda mashine ya kutengeneza gololi, zile za kioo za kuchezea, nyumbani wameshaanza kuniangalia kwa jicho la huruma.

Ilivyo ni hivi. Tanuri nimejenga mwenyewe kwa yale matofali ya moto mepesi, waya wa kupashia moto ni wa kanthali, ndani kuna chungu cha kuyeyushia cha alumina. Kioo ni chupa nyeupe tupu nilizoosha na kuvunja, sijachanganya na rangi nyingine. Wakati wa kazi themokapo (kipima joto cha tanuri) inasoma nyuzi 1120 hivi. Nachota kwa fimbo ya chuma, nainamisha, kioo kikianza kushuka kama uzi mnene nakata na mkasi, donge linaangukia kwenye rola mbili zilizolala sambamba.

Rola zenyewe ni vyuma vya mviringo vya milimita 100, urefu milimita 400. Fundi wa kukereza amenichongea mfereji unaozunguka kama nyuzi za bolti, kila mzunguko mmoja unasogea milimita 20, na mfereji wenyewe ni nusu duara ya gololi ya milimita 16. Mota ni ya waipa ya gari, spidi ya chini, kama mizunguko 45 kwa dakika. Rola zimeunganishwa kwa gia mbili zinazong'atana.

Sasa shida. Kwanza donge likidondoka linabanwa katikati linatoka bapa kama kifungo cha shati, au linanasa kabisa nazima mota nakwangua. Pili yale machache yanayobaki juu hayasogei kwenda mwisho wa rola, yanacheza palepale tu. Tatu, hata zile mbili tatu zilizotoka na umbo la kueleweka niliziweka kwenye bati nikalala, asubuhi nakuta moja imekuwa nusu mbili na nyingine ina ufa kama unywele.

Niliona video ya kiwandani, rola mbili zinazunguka basi, nikasema hii si kazi. Hahaha.

Jiko la Kioo

Mkuu kabla ya yote nijibu kitu kimoja. Ukisimama upande wa mwisho wa rola ukaziangalia zinavyozunguka, zinazunguka zote upande mmoja au moja inakwenda kulia nyingine kushoto?

Msokota Waya

Moja kulia moja kushoto, zinakutana kati kwa juu. Si ndiyo gia zinavyofanya? Nilidhani ndiyo zitalishika donge.

Jiko la Kioo

Hapo ndipo penyewe, wala usihangaike na tanuri. Ulichojenga siyo mashine ya gololi, ni kinu cha kubana bati.

Chukua udongo laini weka katikati ya viganja. Ukisukuma viganja vyote viwili mbele kwa pamoja, udongo unakwenda mbele nao basi, hauzunguki. Kimoja kikienda mbele kingine kikirudi nyuma, unazunguka, unakuwa duara. Rola ni hivyo hivyo. Zikizunguka ZOTE UPANDE MMOJA, pale katikati zinapotazamana uso wa moja unapanda na wa nyingine unashuka, donge linasuguliwa pande mbili kinyume na linazunguka palepale. Zikipishana kama zako zinalivuta donge chini lipite kwenye upenyo, lazima litoke kifungo.

Na shida yako ya pili ndiyo hiyo hiyo. Nahisi fundi alikuchongea rola zote mbili mfereji wa upande mmoja, si ndiyo? Basi zikizunguka kinyume, mfereji wa rola hii unasukuma donge kulia na wa ile unasukuma kushoto, ndo maana linacheza palepale. Hapo una bahati kweli, ungemwambia achonge kushoto na kulia ungelazimika kurudia rola nzima. Toa gia, weka sproketi (gia za cheni) mbili za meno sawa na cheni moja inayozizunguka zote, upande utakuwa mmoja na donge litasafiri.

Hesabu yake haraka: mizunguko 45 mara milimita 20 ni milimita 900 kwa dakika, yaani gololi itamaliza milimita 400 zako kwa sekunde 27 hivi. Na rola ya milimita 100 ikizunguka mara 45 inaisokota gololi ya 16 kama mara 4 mpaka 5 kila sekunde. Kwahiyo mpaka inatoka imezunguka zaidi ya mara 100. Kwa gololi ndogo hiyo inatosha kuwa duara na kuwa ngumu, kama haijaingia ikiwa ya moto kupita kiasi.

Msokota Waya

Daah. Miezi mitano. Ni kweli mifereji ya rola zote imechongwa upande mmoja, tena fundi aliniuliza nikamwambia wewe chonga tu zifanane.

Mkereza Chuma

Nimesoma hapa nikacheka peke yangu, pole sana ndugu. Ila kuna mtego mwingine unakusubiri ukishageuza, nikwambie mapema. Rola zako zinafanana sawasawa, ukizifunga zote alama juu alama juu, mifereji haitatazamana. Mfereji wa rola ya kushoto unaangalia kulia na wa kulia unaangalia kushoto, sasa ukizunguka kutoka upande mmoja wa rola kwenda wa pili mfereji unakuwa umeshasogea, unaweza kukuta tuta la rola moja linatazama shimo la mwenzake. Donge likidondoka hapo unapata kitu chenye mkanda katikati kama sayari ya Zohali.

Dawa yake: legeza sproketi moja, weka gololi yoyote ya kioo iliyo tayari ya saizi hiyo pale juu kati ya rola, zungusha rola iliyolegezwa kwa mkono taratibu mpaka gololi izame na kukaa imetulia pande zote mbili, kaza hapohapo. Alafu zungusha zote kwa mkono uone inasafiri mpaka mwisho bila kurukaruka. Kama inaruka sehemu moja tu basi kuna mahali fundi alitoa chuma pungufu, saga kidogo kwa mkono. Na usikaze kwa skrubu ile ndogo ya kubana shafti peke yake, rola zikipata moto zinajilegeza, weka pini.

Jambo lingine ni tuta kati ya mfereji na mfereji. Hatua yako ni 20 na mfereji ni 16, maana yake tuta lina upana wa milimita 4. Donge likiangukia juu ya tuta linagawanyika au linalala kichwa huku mkia kule. Kwa mkono utakuwa unabahatisha. Viwandani mkasi na rola vinaendeshwa kwa mpango mmoja, kila donge linakatwa wakati mfereji umefika chini yake. Wewe unaweza kuchomelea nundu ndogo kwenye shafti ya rola iwe inagonga kijiti, kila ikigonga "tak" unajua mdomo wa mfereji umefika, unakata. Si lazima ukate kila mzunguko, hakuna binadamu anayeweza kukata mara 45 kwa dakika kwa fimbo, kata kila baada ya tak tatu au nne, mifereji mitupu haina madhara yoyote.

Bi Gesi

Naona mnahangaika na chuma tu, kioo chenyewe hamjakigusa. Mimi natengeneza shanga na gololi kwa mkono, tochi ya gesi na kijiko cha grafiti, sina mashine, ila kioo ni kioo.

Kaka gololi zako zilizopasuka usiku hazikupasuka kwa sababu ya mashine. Ngozi ya nje ilikauka kwanza, moyo ulikuwa bado wa moto, nao ulipokuja kupoa ukataka kunywea na nje imeshakuwa ngumu haifuati. Ule mvutano unabaki mle ndani umejificha, baada ya saa au siku unajitoa wenyewe. Ukiacha juu ya bati la baridi unajitafutia.

Kioo cha chupa inabidi kishikiliwe kwenye nyuzi 540 hivi, gololi ya milimita 16 ikikaa nusu saa mpaka saa nzima joto linalingana nje na ndani, halafu unashuka polepole mpaka upite 500, 480, hapo mvutano mpya haujengeki tena kirahisi, kisha zima ukae mbali. Mbali kabisa! Usifungue mlango kuchungulia, fungua siku unaweza kuzishika kwa mkono mtupu. Kwahiyo unahitaji tanuri la pili dogo, pale rola zinapoishia gololi idondokee humo moja kwa moja, siyo kwenye ndoo.

Na usije ukachanganya. Kioo cha chupa, cha dirisha, na kile cha vyombo vya maabara visivyopasuka kwa moto vinatanuka tofauti, cha maabara kinatanuka kama theluthi tu ya cha chupa. Ukiviyeyusha pamoja vitashikana vizuri unafurahi, vikipoa vinaachana. Hata chupa kwa chupa kama ni za viwanda tofauti jaribu kidogo kwanza.

Tanuri Bovu

Mimi nina maoni tofauti, samahanini. Jamaa bado hajui kuchota donge lenye uzito mmoja, mnampa sproketi na pini na nundu. Angeweka rola pembeni kwa mwezi, achukue tofali la grafiti achonge kikombe cha nusu duara, ajifunze kuzungusha donge kwa mkono mpaka ajue kioo kikiwa tayari kinaonekanaje. Mashine haina macho. Nimeshaona mtu anaunda mashine kubwa kumbe hajui hata kioo chake kina mapovu kwanini.

Jiko la Kioo

Tanuri Bovu una hoja kwenye macho, ila uzito siyo tatizo kubwa kama unavyolifanya. Gololi ya milimita 16 ina ujazo kama sentimita za ujazo 2.1, kioo cha chupa ni gramu 2.5 kwa kila moja, kwahiyo donge ni gramu 5.4 hivi. Ukikosea uzito kwa asilimia 10, kipenyo kinabadilika kwa asilimia 3 tu, nusu milimita. Mfereji unavumilia hilo. Akizidisha sana ndiyo kioo kinafurika kwenye tuta, akipunguza sana linabaki kama kapsuli kwa sababu halijai mfereji likasuguliwa na kingo. Achote madonge 10, ayaangushe kwenye ndoo ya maji (avae miwani, yatalipuka vipande), akusanye vipande apime jumla, agawanye kwa 10. Siku moja inatosha kuzoesha mkono.

Na usidharau mashine inayolishwa kwa mkono. Hata mashine yenyewe ya kwanza ilianza hivyo.

Mzee Beringi

Hapo kwenye historia naomba niingie maana ndo ugonjwa wangu. Sisi kwa Kiswahili gololi ni gololi, ya kuchezea ni gololi na ya kwenye ekseli ya baiskeli ni gololi, jina moja. Kumbe tuko sahihi kuliko tunavyojua! Mtu aliyeunda mashine ya gololi za kioo, Martin Frederick Christensen wa Akron, Ohio, Marekani, alianza na mashine ya gololi za chuma za beringi, ndipo akaona kwamba rola za namna ileile zinaweza kuzungusha kioo. Hataza yake ya mashine ya kioo ni ya 1905. Kabla ya hapo za kioo zilikuwa za mkono, kule Lauscha Ujerumani kuanzia 1846 walikuwa na mkasi maalum wenye kikombe mdomoni, unakata kipande kwenye fimbo ya kioo na kukiviringisha humohumo.

Kwa Christensen mtu alikuwa anasimama na fimbo kama Msokota Waya, anachota, anaacha kidondoke, mwenzake anakata. Ndo maana wakusanyaji wa gololi za zamani wanatafuta alama fulani, juu rangi imejikunja kama tarakimu 9 na upande wa pili kuna mkia pale mkasi ulipokata. Yaani mkono wa mtu umebaki ndani ya kioo miaka mia na zaidi. Baadaye kampuni ya Akro Agate, nayo ilizaliwa Akron, ikahamia Clarksburg, West Virginia mwaka 1914 kufuata gesi na mchanga, na huko ndo ulishaji wa mashine ukaja kuwa wa kujiendesha.

Sasa faida kwako mwenye uzi: miaka ya 1920 waliongeza ujanja mmoja mdogo, rola moja ikawekwa isikae sawasawa kabisa na mwenzake. Rola zikiwa sawa sana gololi inazunguka kwenye mhimili mmoja tu, zile ncha mbili za pembeni hazisuguliwi vizuri. Ukiipotosha kidogo, mhimili unahamahama na kila upande unapata zamu yake. Kwahiyo ukishageuza upande na bado zinatoka na chunusi mbili pembeni, weka shimu nyembamba (kipande cha bati cha kuinulia) chini ya beringi ya mwisho ya rola moja, jaribu, ongeza.

Bi Gesi

Mzee Beringi umenifurahisha na hiyo ya 9.

Msokota Waya kingine nilisahau, rola zako zikiwa za baridi donge linapata mikunjo kama ngozi ya kiwiko, zipashe kwanza kwa tochi kabla ya kuanza. Zikichemka sana kioo kinaanza kushika chuma, paka grafiti ya unga kidogo, kidogo tu isije ikaingia kwenye kioo. Na miwani! Siyo ya jua. Ile ya kuzuia mionzi ya joto, kutazama kioo cha nyuzi 1100 kila siku kunaharibu jicho taratibu hujui mpaka siku unajua. Vumbi la matofali na la kioo kilichosagwa vaa barakoa ya maana.

Msokota Waya

Wakuu nimerudi, wiki tatu.

Gia nimetoa, nimeweka sproketi mbili za baiskeli na cheni moja. Mkereza Chuma Mungu akubariki, bila ile ya kuweka gololi katikati nisingejua, mifereji ilikuwa imepishana karibu nusu nzima. Pini nimeweka.

Siku ya kwanza nimedondosha donge, likajikunja, likakaa, likaanza kuzunguka jekundu lile kama jicho, mkia wa mkasi unaonekana unapita juu, unapita juu, kila ukipita umepungua, katikati ya rola hauonekani tena na rangi imeshaanza kuzima. Nilisimama mdomo wazi nikasahau kuweka kitu mwisho wa rola, ikadondoka sakafuni ikaviringika chini ya meza ikachoma mfuko wa saruji. Lakini DUARA.

Kati ya madonge 20 ya juzi, 11 ni gololi kweli, 4 zina mikunjo (za mwanzo, rola zilikuwa hazijapata moto, Bi Gesi alisema), 3 ziliangukia tuta, 2 sijui zilikwenda wapi. Zilikuwa na chunusi mbili pembeni kama alivyosema Mzee Beringi, nimeweka kipande cha kopo chini ya beringi moja, chunusi moja imeisha nyingine imebaki kama alama ya chanjo. Tanuri la pili nimefanya la bati na blanketi la moto, 540 saa moja, kushuka usiku mzima. Wiki imepita hakuna iliyopasuka.

Tanuri Bovu nawe nimekusikia, mapovu ninayo mengi. Yanatoka wapi?

Tanuri Bovu

Ahaa sasa tunaongea. Unayeyusha na kuchota kwenye joto lilelile, si ndiyo? Kwa 1120 kioo ni kizito, povu linapanda kwa mwendo wa konokono. Siku ya kuyeyusha pandisha mpaka 1200 na kitu kama waya na chungu vinaruhusu, funga acha masaa mengi, usiku mzima ikibidi, halafu shuka mpaka joto la kuchotea. Ila angalia themokapo yako, kama ni aina ya K mwisho wake ni 1260 hivi, usiishi huko. Vunja chupa vipande vikubwa, usisage unga, unga unafunga hewa nyingi sana. Lebo na gundi toa zote. Na usiache kioo kimekaa masaa kwenye 800 au 900 ukidhani unabana umeme, kinaanza kuganda fuwele, unapata ukungu mweupe usiotoka.

Pia fimbo. Ukiizamisha ya baridi inaingia na hewa yake. Ipashe iwe nyekundu ya mbali, izamishe pembeni siyo kwa kishindo, zungusha, toa.

Msokota Waya

Nilikuwa nasaga unga kabisa, tena kwa bidii, nikapitisha kwenye chekeche. Sawa.

Na rangi je, nikitaka bluu?

Bi Gesi

Oksidi ya kobalti, na kidogo mno, gramu moja kwenye kilo tayari ni bluu nzito. Barakoa na glavu unapopima, ule unga siyo wa kuchezea. Changanya kwenye chungu kingine kidogo, chovya fimbo kwenye nyeupe kwanza kisha gusa bluu ncha tu, acha idondoke. Halafu tutumie picha tuone 9 yako.

Mkereza Chuma

Na hilo kopo chini ya beringi toa, weka shimu ya chuma, kopo litajibana baada ya siku mbili utarudi hapa kulia.